Wakorofi Ndani ya Tangi la Dada

Kila siku ya shule, mnamo saa tisa na nusu alasiri, Kitinda alifungua mlango wa nyumba yao iliyokuwa ghorofa ya tatu, akavua viatu, akapiga hodi. Hakuna aliyeitikia, maana hakukuwa na mtu. Baba yake alikuwa fundi wa lifti. Alishinda akipanda na kushuka katika majengo ya watu, akarudi magharibi akiwa hoi, hata neno kulitoa kinywani ikawa kazi. Mama alikuwa amefariki Kitinda akiwa bado mchanga. Dada yake ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamfundisha kusoma, na ndiye aliyemwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba. Sasa dada huyo alikuwa chuoni, mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi.

Alichokiacha ni tangi la maji ya chumvi. Lilikaa sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto, pampu yake ikivuma polepole. Ndani yake mlikuwa na mawe, matumbawe yaliyochanua kama maua, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Kitinda alipima joto la maji, akafuta kioo, akajazia maji yasiyo na chumvi pale yalipopungua, kisha akawalisha samaki punje chache.

"Usiwapime kwa macho yao," dada alikuwa amemwonya. "Samaki hajui kushiba. Wewe ndiye tumbo lake."

Lilikuwepo sharti moja lililoyapita yote. Jiwe au tumbawe jipya lisiingie tangini kabla ya kukaa peke yake kwenye ndoo kwa wiki sita, likichunguzwa kila siku. "Mgeni mkaribishe," dada alisema, "lakini usimpe ufunguo wa chumba siku ya kwanza."

Shuleni Kitinda hakuwa na rafiki. Hakugombana na mtu. Hakuna tu aliyemwona. Wakati wa mapumziko alikula peke yake kwenye ngazi za maktaba, akijifanya anasoma. Basi siku msichana wa dawati la mbele alipomuuliza, "Eti ni kweli kwenu mna bahari ndani ya nyumba?" moyo ulimruka.

"Kweli. Njoo Jumamosi uone."

"Haya, nitakuja."

Siku hiyohiyo jirani wa ghorofa ya chini, ambaye naye alifuga samaki na sasa alikuwa anahama, alimpa jiwe lenye tumbawe la kijani, zuri la kung'aa. Kitinda alilitazama lile jiwe, akaitazama ndoo. Wiki sita! Na mgeni anakuja keshokutwa. Alilitia moja kwa moja tangini, mbele kabisa, mahali pa kuonekana.

Jumamosi alifagia, akapanga viti viwili mbele ya tangi, akangoja tangu saa nne asubuhi. Saa nane alikula. Saa kumi alirudisha kiti kimoja mezani. Msichana wa dawati la mbele hakutokea, na Jumatatu hata hakulitaja jambo hilo. Alikuwa amesahau.

Jiwe likabaki. Baada ya siku kumi, Kitinda aliona juu yake kitu kidogo cha rangi ya kahawia, chenye shina laini na minyiri myembamba kama nywele. Kilipoguswa kilinywea kwenye tundu lake. Wiki iliyofuata vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa kimeligusa tumbawe kubwa la zambarau, lile ambalo dada alilikuza kutoka ukubwa wa kidole gumba hadi ukubwa wa ngumi. Pale lilipoguswa lilikuwa limejikunja, ukingo wake umekuwa mweupe.

Kitinda alichukua kisu cha mezani, akavikwangua vyote. Vipande vikapeperushwa na maji ya pampu. Alishusha pumzi, akadhani amemaliza.

Jioni ya Jumamosi dada alipiga simu kama kawaida. "Wanangu wa tangini hawajambo?"

"Wazima wote," alijibu Kitinda.

Jumamosi ya pili akasema hivyohivyo, ilhali wale wadudu wa kahawia walikuwa wamerudi, sasa kumi na tisa. Jumamosi ya tatu alidanganya tena, na sasa hakuweza hata kuwahesabu. Walikuwa juu ya mawe, nyuma ya pampu, hata kwenye kioo. Nusu ya tumbawe la zambarau ilikuwa imekufa. Kitinda alitundika shuka mbele ya tangi, akamwambia baba kwamba samaki wanahitaji giza. Baba aliitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Siku iliyofuata Kitinda alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko. Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana kama nguo isiyopigwa pasi?"

Kitinda alieleza. Mama muuza samaki alisikiliza, kisha akauliza, "Ukavikwangua kwa kisu?"

"Ndiyo."

"Ewe mtoto! Hao sisi tunawaita wakorofi. Ukimkata mkorofi vipande kumi, umepata wakorofi kumi. Hukuwaua, umewapanda kama mihogo."

Kitinda alianza kulia. Mama yule hakumbembeleza. Alimsogezea kigoda, akangoja anyamaze. Ndipo akatoa kopo la chokaa safi ya tangi na bomba la sindano. "Dawa ipo. Unazima pampu, unakoroga chokaa iwe uji mzito, unamdondoshea mkorofi mdomoni taratibu. Wachache kwa siku, si wote kwa mpigo, usije ukayaharibu maji. Lakini chokaa hii inachoma ngozi na macho, kwa hiyo sikupi wewe. Nampa mtu mzima. Tangi ni la nani?"

"La dada."

"Anajua?"

"Sijamwambia."

"Basi dawa ya kwanza haimo dukani mwangu."

Jioni ile Kitinda alimngoja baba mlangoni. Kabla hajavua viatu, alimwambia yote, kisha akaivuta ile shuka. Baba aliinama, akatazama ndani ya tangi. Akatoa simu, akampigia dada, akampa Kitinda aongee mwenyewe.

Kitinda alimweleza dada yote. "Tumbawe linaweza kuota tena," alisema dada. "Linaloniuma ni Jumamosi tatu. Huku sina mtu, Kitinda. Simu yako ndiyo nyumbani kwangu, na ulikuwa unanipa uongo."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini kuanzia leo niambie na mabaya."

Kesho yake baba alitoka kazini mapema, akapitia dukani. Alivaa glavu na miwani yake ya kazini, Kitinda akazima pampu na kumulika kwa tochi. Mikono ile iliyozoea nyaya za lifti haikutikisika. Mkorofi alimeza uji wa chokaa, akajikunja, akayeyuka. Waliwashughulikia sita siku hiyo na sita siku iliyofuata. Mama muuza samaki aliwapa pia kamba wadogo wawili wanaokula wakorofi wachanga, nao wakafanya kazi kimyakimya kwenye mawe yote. Iliwachukua wiki saba. Tumbawe la zambarau lilibaki nusu, lakini nusu hiyo ilichanua.

Jioni ya mwisho, walipokuwa wakisuuza bomba la sindano, baba aliuliza, "Lile jiwe ulilitia kwa haraka ya nini?"

Kitinda alikaribia kusema "Basi tu." Badala yake alisema, "Nilitaka mtu aje. Shuleni sina rafiki, baba. Nakula peke yangu kila siku."

Baba aliweka bomba chini. Alivuta kiti, akaketi. "Nami nilidhani ukimya wako ni utulivu," alisema. "Sikuuliza, hilo ni kosa langu. Lakini wewe nawe sikia, mwanangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa ukilificha, huzaa mengine, kama wale wakorofi. Na huzuni ni hivyohivyo. Mwenye kusema ndiye anayesaidiwa. Sasa nieleze tangu mwanzo, nami sina haraka."

Kitinda akaanza kueleza.