Neno la Fundi Friji

Kila Alhamisi jioni, msichana mmoja ambaye wenzake walimwita Kamusi alikaa mezani nyumbani kwao kusahihisha insha za gazeti la ukutani la shule. Mwalimu alimpa kazi hiyo kwa sababu ya hati yake nzuri, akampa kalamu nyekundu na kumwazima kamusi nene. Kalamu nyekundu ilimkolea kweli kweli.

Jioni hiyo mlango ukagongwa. Alikuwa Domo, rafiki yake wa dawati moja, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usiniingizie nzi." Mama alikuwa akipiga pasi kwenye meza ile ile, upande wa pili. Hakuinua kichwa.

Domo akamgeukia rafiki yake. "Eti umeiondoa insha yangu gazetini?"

"Imejaa maneno ya mitaani."

"Yako mawili tu! Na baba ameomba ruhusa kazini aje kesho, siku ya wazazi, kuisoma. Hajawahi kuandikwa popote."

Insha ilimhusu baba yake, fundi friji. Ilieleza kwamba kila akifungua friji iliyoungua nyaya, hujikuna kichwa na kusema, "Hii sasa ni noma." Kamusi alikuwa amekata "friji", akakata "noma", kisha akaona heri aitupilie mbali insha nzima.

"Nimetazama kwenye kamusi," alisema bila kupepesa macho. "Hayamo. Si Kiswahili."

Domo akaitazama insha yake iliyokatwa kwa wino mwekundu. Machozi yakaanza kumlengalenga.

Mama akaisimamisha pasi. "Umetazama lini?"

"Leo, mama."

"Leo? Kamusi ya mwalimu iko chini ya mguu mfupi wa meza hii tangu Jumatatu. Niliichomeka mwenyewe, meza isiyumbe."

Kamusi akatamani ardhi ipasuke. Akapiga magoti, akaichomoa. Meza ikainama na kalamu nyekundu ikabingirika sakafuni. Wakatafuta pamoja. "Friji" lilikuwemo. "Noma" halikuwemo.

"Si mnaona?" Kamusi akashusha pumzi.

"Usijipongeze," mama akasema. "Moja umekosea, jingine umebahatisha. Na kwa yote mawili umemdanganya mwenzako."

Kamusi akamgeukia rafiki yake. "Nisamehe, Domo. Sikutazama. Niliona aibu kusema sijui."

"Ungesema tu. Ningekucheka kidogo, basi." Domo akajifuta macho. "Kwani mama, noma ni Kiswahili au si Kiswahili?"

"Watu wanalisema na wanaelewana. Ni lugha gani basi, kama si Kiswahili? Ila ukimwandikia mwalimu mkuu barua, liache nyumbani. Hapa anayesema ni fundi. Mkimfanya aseme kama msoma habari wa redio, hata mkewe hatamtambua." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, umepewa kalamu nyekundu kwa sababu unaaminiwa. Kabla ya kumkata mwenzako, fungua kitabu. Na kama hujui, sema hujui. Hakuna atakayekula nyama yako."

Kamusi akainakili insha upya kwa hati yake nzuri, neno kwa neno, bila kuacha hata moja.

Kesho yake fundi alisimama mbele ya gazeti la ukutani, akisoma polepole huku akifuatisha kwa kidole. Kidole kikafika kwenye "noma", kikasimama. Fundi akaangua kicheko, akamvuta mkono mzazi aliyekuwa karibu.

"Hebu njoo usome hapa," akasema. "Huyu ni mimi mwenyewe."