Kilo Nne za Ngendakumana

Maiti ilikutwa imekaa. Hilo lilimkera Inspekta Marcelina tangu mwanzo. Kijana alikuwa ameegemea ukuta wa banda la kukaushia samaki wa migebuka pale Kibirizi, mjini Kigoma, magoti kifuani, amevaa makoti mawili ya mvua, moja juu ya jingine, katika joto la saa nane mchana. Kwenye jiko la samaki makaa yalikuwa bado mekundu. Pembeni kulikuwa na ndoo ya maji ya kumwagia mawe ya moto ili yatoe mvuke.

"Nani aliyemkuta?"

"Kocha wake, afande," alijibu Sajenti Pastory. "Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Kwa nje."

"Na nani aliyeufunga?"

"Huyo huyo kocha."

Marehemu hakuhitaji kitambulisho. Alikuwa Ngendakumana, mpiganaji. Mwaka ule Ligi ya Ulingo wa Ziwa ilikuwa imeuteka mji. Ilianza Februari pale mtaa wa Mwanga, na waliolipa kiingilio walidhani wanakuja kuona ndondi. Walipoona watu wanapigana mateke, wanaangushana na kukabana koo chini, kwanza walishangaa, kisha wakanogewa. Mei ligi ikaenda Kasulu. Agosti ikarudi Ujiji, watu wakapanda hadi ukutani. Ngendakumana alishinda mara zote tatu. Pambano la nne, la kugombea mkanda wa ubingwa, lilikuwa kesho yake, Jumamosi, na Ijumaa hiyohiyo saa kumi jioni alitakiwa kupima uzito. Anayezidi kilo sitini na moja hapandi ulingoni, hakuna mjadala.

Kabla jua halijazama, Kigoma nzima ilikuwa imeshamhukumu Kocha Telesphory. Watu walikusanyika nje ya kituo wakimtaka. Sijui kwa nini watu hupenda kesi iishe kabla haijaanza, lakini ndivyo tulivyo.

Telesphory alikaa mbele ya meza ya Marcelina.

"Kwa nini ulimfungia?"

"Aliniomba mwenyewe, afande, atoe jasho uzito upungue. Akikaa peke yake anashindwa, anatoka. Wote tunafanya hivyo. Unafunga, baada ya nusu saa unafungua."

"Na leo ulifungua baada ya muda gani?"

Kocha aliinamisha kichwa. "Dakika arobaini. Nilikuwa kwenye simu na waandaaji."

"Alipiga kelele?"

"Sikusikia."

"Afya yake ilikuwaje?"

"Mzima kabisa. Chuma."

Alijibu upesi mno. Marcelina aliliona hilo, akaliweka akilini. Akachukua daftari dogo lililokutwa kwenye begi la marehemu. "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu. Ni uzito wake."

Inspekta alisoma kwa sauti. "Jumatano jioni, sitini na nne. Alhamisi asubuhi, sitini na nane. Ijumaa saa saba mchana, sitini na mbili. Kocha, mtu anayejinyima chakula anaongezeka kilo nne kwa usiku mmoja?"

"Nilimgombeza sana! Nilijua kaiba ugali. Akaapa hajala kitu. Akalia, afande. Tangu hapo hakunywa hata tone la maji."

Kuua kwa kukusudia ni kesi ya kunyongwa, na kwa ule waya wa mlangoni Telesphory alikuwa nusu ya njia. Usiku huo alilala mahabusu.

Jumamosi asubuhi Daktari Wilfred alimaliza uchunguzi wa maiti.

"Hana jeraha wala sumu," alisema. "Mwili umeishiwa maji, moyo ukasimama. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, ana damu ya zamani iliyoganda chini ya fuvu. Ina miezi kadhaa. Huyu hakupaswa kupigwa hata kofi."

"La pili?"

"Nimempima. Kilo hamsini na saba na nusu."

Marcelina aliweka kalamu chini. "Rudia."

"Hamsini na saba na nusu. Alikuwa ameshashuka chini ya kiwango kwa kilo tatu na nusu. Sielewi alikuwa anatafuta nini tena mle ndani."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

Mizani ilikuwa palepale bandani, ile ya chuma ya kupimia magunia ya dagaa, yenye mkono mrefu na kijiwe cha kusogeza. Marcelina alivua viatu akapanda. Uzito wake aliujua vizuri, kwani mwezi uliopita wote kituoni walipimwa afya, ingawa hakuwahi kumtajia mtu.

"Sogeza kijiwe, Pastory. Na ukisema nje, nakuhamishia porini."

Sajenti alisogeza, akakohoa. "Themanini na sita, afande."

"Imenizidishia nne. Pindua hii kitu."

Waliilaza kwa ubavu. Chini ya bamba la kukanyagia kulikuwa na risasi za kuzamishia nyavu, zimeshonewa ndani ya kipande cha gunia kwa uzi wa bluu. Kwenye kona ya banda, magunia ya dagaa yalikuwa yameshonwa kwa uzi uleule.

"Banda la nani hili?"

"La mke wa marehemu. Vénérande. Na usiku ufunguo hukaa kwake tu, afande."

Vénérande alikutwa nyumbani kwake Rusimbi, amekaa mkekani kati ya wanawake waliokuja kumliwaza. Alipoona kile kipande cha gunia mkononi mwa Inspekta, hakungoja kuulizwa. Alisimama mwenyewe, akajifunga kanga, akaenda nao.

"Pole kwa msiba, dada," alisema Marcelina walipofika kituoni. "Una haki ya kunyamaza. Ukisema, litaandikwa."

"Andika. Nilishona mimi, Jumatano baada ya kocha kuondoka."

"Kwa nini?"

"Ili asipigane." Sauti yake ilikuwa kavu. "Pale Ujiji, Agosti, alishinda. Wakambeba juu juu. Nyumbani akaniuliza, 'Mama Diella, nani ameshinda?' Nikamwambia. Akaniuliza tena. Mara nne! Baadaye akawa anatapika asubuhi, anasahau jina la mtoto wetu. Nikamwambia twende hospitali, akasema mkanda kwanza."

"Ukaona umzidishie uzito."

"Sisi wa dagaa tunaijua mizani, afande. Nikasema, akiona zimezidi kilo nne siku mbili kabla, atakata tamaa. Watamkataa, atanuna wiki moja, nitampikia, yataisha. Mana yanje, Mungu wangu! Sikujua kama mtu anaweza kuzitoa."

"Alhamisi alilia mbele ya mizani. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hukusema?"

"Nilifungua mdomo. Nikamwona kichwani kwangu amelala ulingoni, macho yamegeuka. Nikaufunga." Akafuta uso kwa kanga. "Mwachieni kocha. Yeye alifunga mlango kwa kuombwa. Mimi hakuniomba mtu."

Marcelina aliandika maelezo yote kwa mkono wake, akamsomea, mwanamke akatia sahihi. Shtaka lingekuwa kuua bila kukusudia. Alikuwa amewakamata wezi na wauaji kwa miaka kumi na tisa, na siku ile alitamani angekuwa mwalimu.

Telesphory alitolewa mahabusu akarudishiwa mkanda wa suruali na simu yake. Kwenye kaunta akakutana uso kwa uso na Vénérande. Pastory alikuwa ameshamweleza kocha habari ya mizani.

"Mama Diella," alisema kocha, machozi yakimlenga, "ungeniambia tu mimi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Kocha akarudi nyuma hatua moja.

"Mara tatu nilikuambia anaumwa, kocha. Pale pale gym, mbele ya vijana wako. Ulicheka. Ukasema wanawake hatujui mchezo, yule ni chuma."

Askari walimpeleka mwanamke ndani. Marcelina alimgeukia Telesphory, akafungua ule mlango mdogo wa kaunta.

"Uko huru. Nenda nyumbani."

Telesphory aliutazama mlango, kisha akaenda kwenye benchi la watuhumiwa na kukaa.