Gundi Niliyoichemsha kwa Wivu

Nina miaka thelathini na minne. Nimeolewa kanisani, ninakaa hapa hapa Elisabethville, katika Cité, mitaa yetu Waafrika, na mtoto ninaye mmoja wa kike. Bwana yangu hanipigi, halewi, na hajaniletea mwanamke mwingine nyumbani. Majirani hunambia: Léonie, wewe una bahati! Eh, mama... laiti wangejua!

Wasomaji wenzangu, mimi ndiye niliyemnyang'anya mume wangu kazi aliyoipenda kuliko chakula. Nilifanya hivyo kwa sufuria moja ya gundi na kwa uongo wa neno moja. Leo nayasema yote. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Mume wangu anaitwa Firmin. Alikuwa seremala katika karakana moja ya samani mjini, akitengeneza makabati ya Wazungu. Lakini jioni, na Jumamosi kutwa, alitengeneza magitaa katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu. Hakufundishwa na mtu. Muzungu mmoja alimpa gitaa bovu akalichome moto, naye akalifungua kipande kwa kipande mpaka akajua kila mfupa wake. Mgongo na mbavu alizifanya kwa mulombwa, ule mti mwekundu wa misitu yetu. Uso wa gitaa aliufanya kwa mbao laini za masanduku yaliyoleta mashine kutoka Bulaya. Aliukwangua, akaugonga kwa kidole, akasikiliza, akaukwangua tena.

Kilichomfanya ajulikane mpaka Sakania, kule mpakani, ni vipimo vyake. Gitaa la dukani, alisema, ni la kila mtu, lakini mikono ya watu haifanani. Ukija kuagiza, anaunyoosha mkono wako wa kushoto juu ya meza, anapima kila kidole kwa uzi, anafunga fundo. Kisha anachonga shingo ya gitaa ili iukae mkono huo na si mwingine. Na alikuwa na sheria moja: alichokiona katika mkono wa mteja hamwambii mtu yeyote, hata mimi. Alikishika kama padri anavyoshika maungamo.

Na mimi je? Mimi nilikuwa mpishi wa gundi! Msicheke. Ilikuwa gundi ya ngozi na kwato, vipande vikavu vya rangi ya asali. Unaviloweka mpaka vilainike, halafu unaviyeyusha katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto. Kanuni ni moja tu: isichemke! Ikichemka, kwa macho ni ileile, vidoleni inanata vilevile, lakini nguvu yake imekwisha. Leo itashika, kesho itaachia. Firmin hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Majirani waliziba pua kwa ile harufu, mimi nikatembea kifua mbele. Kila nikisikia gitaa likilia mtaani, nilijiambia: na mimi nimo humo.

Lakini nilikuwa na kidonda. Miaka minne ya ndoa na mtoto hakuna... Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Dada zake Firmin walianza kunisalimu nusu mdomo. Kila mwanamke aliyeingia uani kwetu nilimtazama tumbo, nikamtazama uso, nikajiuliza: ni huyu?

Ndipo akaja Julienne.

Alikuwa mjane, mtu wa Kasai, aliyeuza mikate sokoni na kuimba katika kwaya ya parokia. Mrefu, msafi, na sauti yake hata akikuuliza bei ya chumvi ungependa aulize tena. Upande wa kushoto alijifunika kitenge daima, pindo likining'inia juu ya mkono. Nikasema moyoni: tazama maringo! Akaagiza gitaa. Mwanamke na gitaa! Siku zile gitaa lilikuwa la wanaume wa baa. Nikajiuliza huyu anataka gitaa au anamtaka mpiga randa.

Watu wote Firmin aliwapima mara moja, nje, mbele ya kila mtu. Julienne alimpima Jumamosi nne, moja baada ya nyingine. Na kibandani, mlango umefungwa!

Nyinyi mngefanya nini? Mngekaa mnapeta mchele? Mimi nilikaa napeta mchele, nikaumwaga nusu chini.

Jirani yangu Mama Odile aliinua kichwa juu ya ua, akaniuliza kwa ule mdomo wake: "Ee Léonie, bwana yako anapima paka mukono tu, ao kuko kintu ingine anapima?" Akacheka. Na mimi nikacheka, lakini meno tu. Ndani nilikuwa nawaka.

Jioni ile nilimwuliza Firmin. Niliuliza vibaya, nakiri. Nilisimama na mwiko mkononi nikipiga kelele: juu ya nini huyu anapimwa kila juma? Juu ya nini mlango unafungwa? Firmin hakupandisha sauti. Alinijibu tu: "Léonie, unajua sheria yangu. Mambo ya mukono ya mutu, mi sisemake." Akaendelea kula.

Nikawaza: angekuwa na jibu safi, angelitoa! Wivu una akili yake mbaya, ndugu zangu. Mtu akisema, unasema anadanganya. Akinyamaza, unasema amekubali.

Ilibaki wiki tatu ifike sikukuu ya parokia, ambapo Julienne angepiga gitaa lake mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya Jumamosi, Firmin akaniambia leo ni siku ya kuunganisha, nitayarishe gundi. Aliniambia huku akiimba polepole. Kuimba! Kwangu mimi alikuwa hajaimba tangu mimba ya pili itoke. Roho iliniuma mpaka macho yakaingia giza.

Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa. Nikapepea makaa mpaka yakawa mekundu. Nikaitoa sufuria ndogo ndani ya ile kubwa, nikaiweka juu ya moto wenyewe... Nikaitazama ikichemka. Povu likapanda. Nikaipua, ikatulia. Nikairudisha, ikachemka tena. Mara tatu, wasomaji wenzangu! Mara ya kwanza ningeweza kusema ilinipita. Lakini ya pili? Na ya tatu?

Sikutaka kumwangusha mume wangu, Mungu ni shahidi. Nilitaka gitaa la yule mwanamke lifunguke huko kwake, agombane na Firmin, asirudi tena uani kwangu. Basi! Hayo tu ndiyo niliyoyataka.

Nikampelekea. Akauliza, kama alivyouliza kila mara: "Haikuchemka?"

"Hapana, ba Firmin."

Hakunitazama hata usoni. Akachovya brashi, akaanza kazi. Hapo ndipo nilipoona juu ya meza yale mengine. Hakuwa na gitaa moja siku ile, alikuwa na matatu! La Julienne, la karani mmoja, na la kijana wa mgodini. Yote yangepakwa gundi ileile. Ningesema nini? Nikaenda kuosha sufuria.

Siku ya sikukuu kiwanja cha kanisa kilijaa. Firmin alivaa koti lake la ndoa. Julienne akaketi kitini, kitenge begani, pindo limefunika mkono wa kushoto. Akapiga wimbo wa kwanza. Ee Mungu wangu! Hata mimi mwenye wivu, machozi yalinilenga. Watu waligeuka kumtazama Firmin, wakanong'ona: ni yeye, ni yeye aliyelitengeneza. Mzee mmoja akamshika bega. Sijawahi kumwona mume wangu na uso ule, wala kabla ya siku ile wala baadaye.

Wimbo wa pili haukufika nusu. Kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya uso wa gitaa kiling'oka, pwaa! Nyuzi zikaruka, zikamchapa Julienne chini ya jicho. Damu! Akainua mikono yote miwili kujishika uso, na kitenge kikaanguka.

Tukauona mkono wake. Vidole viwili vilikuwa vimekunjamana ndani ya kiganja, vimekaushwa na moto wa zamani, ngozi yote inang'aa. Mtoto mmoja akapiga kelele. Wengine, aibu yao, wakacheka. Julienne akautazama mkono wake, akatutazama sisi. Akaokota kitenge, akajifunika, akaondoka kwa miguu taratibu, gitaa limebaki mavumbini.

Njiani Firmin akanieleza, maana siri sasa ilikuwa ya Cité nzima. Julienne aliangukia moto wa jikoni akiwa mtoto. Marehemu mume wake ndiye aliyemfundisha kupiga kwa vidole viwili na kidole gumba. Alipokufa, gitaa lake lilikuwa na shingo nene mno kwa mkono ule, na mafundi wote walimwambia hapana. Firmin alichonga shingo, akaijaribu mkononi mwake, akachonga tena, Jumamosi nne. Mlango ulifungwa kwa sababu Julienne alilia kila alipoufunua mkono.

Mimi niliona mlango, niliona shingo nzuri ya Julienne na kitenge chake. Mkono wenyewe uliokuwa unapimwa sikuuliza hata siku moja una nini.

Nyumbani Firmin aligeuza kile kipande kilichong'oka, alichokiokota mavumbini, akakitazama sana. Akaniuliza tena, kwa upole, kama gundi haikuchemka hata kidogo. Mlango wa kusema ulikuwa wazi, wasomaji wenzangu! Lakini niliwaza: atanirudisha kwa baba yangu, mimi mke asiye na mtoto, nikiwa nimefanya na hili. Nikaapa kwa Bikira Maria. Na aliniamini! Kisha akaitazama mikono yake.

Mwezi haukuisha, gitaa la karani likafunguka mgongo. Halafu la kijana wa mgodini likaachia shingo. Watu wakapata la kuchekea barabarani: "Gitaa ya Firmin? Inakupigia wimbo mumoja, ya pili ujiimbie mwenyewe!" Walioagiza wakaacha kuja. Julienne akapanda treni kwenda Sakania kwa kaka yake, na nilisikia kwamba hata kanisani haimbi tena.

Firmin akafunga kibanda. Alisema mikono yake imeharibika, labda Mungu ameichukua kazi yake. Tangu hapo ni milango ya watu na majeneza.

Miaka tisa! Katikati yake Mungu alinipa binti yangu, sijui kwa nini, sikustahili. Siku ya kwanza Firmin alipompokea, alimshika kama mtu anayeogopa mikono yake itaachia. Aliniomba nisimame karibu, nikinge chini. Nikasimama, nikakinga.

Nikaungama kwa padri. Akaniambia nisidhani nimemaliza, mtu wa kuambiwa yuko nyumbani kwangu. Hata hivyo nilingoja miaka miwili mingine. Mwaka huu, Jumapili baada ya misa, tulikuwa tumekaa tunamenya karanga, nikamwambia. Nilisema yote bila kupumua.

Akauliza swali ambalo ni fundi tu angeuliza: "Ilichemka mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara tatu..." Akaviweka vile viganja juu ya magoti, akavigeuza. "Basi haikukuwa mikono yangu." Akalia. Mwanaume yule ambaye hakulia hata siku tulipozika mama yake, alilia mpaka mtoto akaja kumpangusa. Halafu akaniambia neno ambalo nalala nalo na kuamka nalo: "Juu ya nini haukuniambia siku ile ile? Ningekukasirikia juma moja."

Juma moja, dada zangu. Mimi nikamlipisha miaka tisa!

Nilidhani atarudi kwenye magitaa. Alijaribu. Alichukua ubao wa mulombwa, akaugonga, akasikiliza kwa muda mrefu, akaurudisha. Alisema hausikii tena. Hakunifukuza. Anakula chakula changu, ananisalimu vizuri. Lakini nikimwambia chumvi imeisha, anainuka kwenda kutazama mkebe mwenyewe. Nikimwambia mtoto amelala, anakwenda kuchungulia. Hagombi wala hasemi kitu, anakwenda tu kutazama.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu bado sina, lakini majuto yamekwisha kunizeekea nyumbani.

Ndugu yangu unayesoma, kama wivu unakukaba, uliza! Uliza kwa kelele, uliza ukilia, uliza hata Mama Odile asikie juu ya ua. Gombana kwa mdomo. Lakini kazi ya mikono ya mwenzako usiiguse, maana humo ndimo anamoishi. Na kama umekwisha kukosea, sema leo, kabla uongo wako haujazaa mwingine.

Ombi langu la mwisho ni kwenu mlio Sakania. Kama mnamjua mjane mrefu, mtu wa Kasai, anayejifunika kitenge mkono wa kushoto, mwambieni kwamba gitaa lake lilitengenezwa vizuri. Fundi wake hakumkosea. Mwambieni ni mimi.