Hapana Mtu Ndani

"Hapana mtu, mzee. Mimi ndiye wa mwisho."

Hiyo ilikuwa sauti ya Beryl, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Na mimi nilikuwa ndani, nyuma kabisa ya rafu, kitabu mkononi...

Nikadhani anatania. Kisha nikasikia ufunguo ukizunguka.

Jamani, naitwa Dama. Tawi letu la chuo liko hapa kisiwani, na maktaba yake ni ya sisi wa biashara na ualimu. Ijumaa hufungwa kwa sala. Mzee Mung'aro, mwenye funguo, hana habari ya kuzunguka rafu. Husimama mlangoni akauliza, "Yuko mtu?" Akijibiwa hapana, huzima umeme, huyoo msikitini. Mikoba iliyobaki nje haimshtui, maana wanafunzi huiacha hapo wakienda kula.

Nilikimbia hadi mlangoni, nikapiga kioo kwa viganja.

"Mzee! Niko ndani!"

Pikipiki yake ilikuwa ishaondoka.

Feni zikasimama. Madirisha yote yana nondo. Simu yangu ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa upande wa pili wa kioo, kwa sababu kwetu mkoba hauingii ndani. Kando yake, ndani ya mkoba mwingine ulio wazi, simu ya mtu ilikuwa ikiwaka na kuzima. Niliitazama tu.

Mtaniuliza, Beryl alitaka nini?

Saa nane mchana huo tulikuwa na mahojiano ya kazi katika shule moja Kizingo. Mwalimu wa biashara alitakiwa mmoja, na tuliobaki ni mimi na yeye. Kila mtu afundishe somo mbele ya mwalimu mkuu. Asiyefika, basi tena.

Tumekula sahani moja na yule msichana... Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti.

"Mwanangu, unalilia nini?"

Nusura nizimie. Kutoka nyuma ya rafu za tasnifu aliinuka mama mmoja, miwani kichwani, miguu haina viatu.

"Nilisinzia," akasema. "Nasoma shahada ya pili. Tumefungiwa?"

Nikamweleza yote. Beryl nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Hiyo sauti niliisikia," akasema. "Nikadhani naota."

Akajipepea na gazeti, jasho likimtiririka.

"Hilo somo unalo kichwani?"

"Ninalo. Litanisaidia nini sasa?"

"Nifundishe mimi. Tukikaa hivi hivi, joto hili litatutoa roho."

Basi nikasimama. Nikamfundisha kwa nini bei ya dafu hupanda jua likiwaka, na kwa nini nyanya za soko la Marikiti hushuka bei zikijaa. Aliniuliza maswali kama mwanafunzi mkaidi wa nyuma ya darasa. Nikamjibu, nikamrudia, nikamchekesha. Nilisahau kwamba nimefungiwa.

Mzee Mung'aro alirudi akinukia pilau. Saa nane ilikuwa ishapita.

"Yarabi! Mwanangu, mwenzio alinambia hapana mtu!"

"Yamepita, mzee," nikasema, na machozi yakarudi upya.

Yule mama alivaa viatu, akachukua ule mkoba uliokuwa ukiwaka. Akaitazama simu, akaguna.

"Twende, gari langu liko nje."

"Wapi, mama?"

"Kizingo. Hawa wananitafuta tangu saa ile. Hawawezi kuanza bila mimi."

Kumbe! Nikanyakua mkoba wangu, nikamfuata mbio.

Beryl alikuwa amekaa kwenye benchi la shule, poda usoni, tabasamu tayari. Aliponiona, tabasamu likafa. Alipoona niliyefuatana naye anakwenda kukaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, alielewa kwamba mambo yameharibika.

Bi Mutanu, ndilo jina lake, hakumtaka afundishe. Alimuuliza swali moja tu, kwa upole:

"Beryl, leo maktaba ilipofungwa, wa mwisho kutoka alikuwa nani?"

Beryl alinitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka.

Mimi nafundisha Kizingo sasa. Lakini siwadanganyi, bado inaniuma, maana yule msichana nilimpenda kama ndugu. Ningemsikia tu akisema "Dama, naogopa kuikosa hii kazi", tungezungumza.

Ila na wewe unayesoma hapa, ukitaka kumfungia mwenzio mlango, zunguka rafu zote kwanza.