Mlima wa Plasta Uliokataa Kukauka

Siku ya kwanza plasta haikukauka, fundi sanamu akalaumu hewa. Siku ya pili akalaumu jasi. Siku ya tano hakuwa na wa kumlaumu tena, akausimamia ule mlima tindo mkononi, akautukana matusi ambayo hata punda mkaidi hajawahi kuyasikia.

Ulikuwa mfano wa volkano ya sayari nyekundu, kubwa kuliko milima yote ya huku kwetu, iliyozimika kabla babu wa mababu hajapata babu. Jumba la makumbusho liliutaka Jumamosi. Walimpa na kijiwe kilichodondoka kutoka huko huko, kadiri ya kokwa ya tende, afananishie rangi. Afananishie tu! Yeye, mjuaji wa wajuaji, akakisaga na kukitia kwenye plasta.

"Rangi gani itafanana kuliko yenyewe?" alimwambia mkewe, aliyekuwa akikoroga kwa mikono mitupu. Iliyobaki ndooni akazibia ufa wa ukuta chumbani kwao. Fundi hatupi plasta.

Siku ya sita karakana ilinuka kiberiti, na mlima ulikuwa wa moto kama paji la mgonjwa.

"Mama watoto, umewasha jiko humu?"

Mkewe alikuwa amempa mgongo. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni.

"Mashimo ya kileleni ni sita," alisema, kwa sauti ya mawe yanayosagana. "Sita, yamepandana. Wewe umechimba moja, kama chungu."

Fundi alicheka, kisha mkewe akageuka, na fundi akaona moshi mwembamba ukimtoka puani, macho yamekauka, hayapepesi, akatupa tindo akamkimbilia mganga.

Mganga alifika adhuhuri, akamuuliza pepo kama alivyozoea, "Kwenu wapi, tukurudishe? Baharini? Mapangoni?"

Mwanamke alinyoosha kidole juu, kuipita dari.

Mganga akafunga kikapu chake. "Huko mimi sina njia," alinong'ona. "Mjengee kwao hapa hapa. Akiridhika atamwachia. Na fanya hima, baba, mkeo anaungua kwa ndani."

Basi fundi akachonga.

"Mteremko umeusimamisha mno. Kwetu mtu hupanda siku nzima asijue kama anapanda."

"Sawa."

"Chini kabisa, ukuta. Mrefu. Si huo."

"Nimechonga sanamu za maharusi, nimechonga za wakubwa," fundi alifoka huku machozi yakimtoka, "sijaona mteja msumbufu kama wewe!"

Lakini alichonga, kwa sababu kila alipokosea ncha za nywele za mkewe zilijikunja kwa joto, na alipochelewa midomo yake ilipasuka, na kufikia jioni fundi hakujua tena kama anachonga au anaomba, shimo la tatu, la nne, la tano, na ile sauti mgongoni ikisema bado, bado, bado.

Lilipokamilika la sita, mwanamke alishusha pumzi ndefu nyekundu. Ikapinda hewani kama uzi, ikaingia shimoni. Plasta ikalia ko! Imekauka.

"Mbona unanikodolea macho?" mkewe aliuliza. "Na uchafu huu, karakana imefagiliwa lini?"

Fundi akalia kwa furaha. Huyo ndiye mkewe.

Jumamosi mlima ulichukuliwa, na kibao chake, *Volkano iliyozimika*. Wawili hao wakarudi nyumbani, wakajitupa kitandani mchana kweupe. Mkewe akaegemea ukuta, akashtuka.

"Baba watoto, si ulisema ufa huu ulishakauka?"

Harufu ya kiberiti ikajaa chumbani. Na kutoka ndani ya ukuta, taratibu, kwa uchungu wa mteja aliyesahauliwa, sauti ikasema:

"Fundi. Kaka yangu umemjengea mlima. Mimi umenifanya kiraka?"