Siku Jeho Alipohurumiwa

Kisa hiki alikisimulia kwanza Renpi mwenyewe, akiwa anafuma kitani, mwaka ule mafuriko ya mto yalipopanda hadi ngazi za hekalu.

Kilianza na mkate. Renpi aliutoa tanurini, akaumega, akaonja. Magadi matupu.

"Baba Tamit, umeoga kweli leo?"

"Nimeoga mtoni mpaka samaki wamenikimbia."

Mumewe, Jeho, alikuwa mpasuaji katika banda la kuhifadhia maiti. Kazi yake ilikuwa kuchanja ubavu wa kushoto kwa jiwe jeusi lenye makali, ili wenzake watoe matumbo na kuukausha mwili kwa magadi na utomvu, kisha kutimua mbio. Wenzake walimfukuza kwa mawe na matusi hadi nje ya ukuta, ili marehemu aone kwamba aliyemjeruhi ameadhibiwa, asimfuate. Alizoea kurudi na manundu, na Renpi akamkanda kwa maji ya moto. Siku hiyo hakuwa na nundu hata moja.

"Leo hawakukupiga?"

Jeho akautazama mguu wake uliovimba kwa mwiba. "Walinionea huruma. 'Nenda polepole, we kiwete, tusije tukakuua bure!' Wakanirushia kokoto, tukacheka wote. Hori akanipa na bia."

"Maiti alikuwa nani?"

"Mke wa msimamizi wa maghala. Yule aliyefia uzazini, yeye na mtoto wake."

Renpi akauweka mkate chini.

Kesho yake mchana, watu wote wakiwa wamejilaza kwa joto, alisikia kitambaa kikiburutwa juu ya paa. Kikaburutwa, kikasimama. Halafu akamsikia binti yake akicheka chumba cha pili.

"Unacheka na nani, Tamit?"

"Na mama mwingine. Anakuja huku, lakini uso wake uko mgongoni. Anataka nimpe mkono."

"Usimpe!"

"Nimeshampa."

Kabla jua halijazama mtoto alikuwa anachemka kama jiwe la tanuri, ameshika ubavu wake wa kushoto, na Renpi alipomfunua aliona pale mstari mwembamba mwekundu ambao asubuhi haukuwepo, na kila alipoupaka mafuta harufu ya magadi na utomvu ilizidi kupanda kutoka kwenye ngozi ile changa, huku juu ya paa kitambaa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, kama mama anayembembeleza mtoto alale, na Jeho amesimama mlangoni na mikono yake yote miwili haina la kufanya.

Wakamwita Bi Shedet, mganga wa watoto. Alitundika vitunguu saumu mlangoni, akachovya kidole kwenye asali, akampaka Tamit ulimini. Mtoto akatema.

"Chungu!"

Bi Shedet akafuta kidole taratibu. "Asali ni tamu kwa walio hai, na chungu kwa wafu. Yule marehemu ameshaanza kumwingia."

"Mtoe, bibi," Renpi akanong'ona. "Nitakupa chochote."

"Kuna dawa moja tu. Mumeo apigwe yale mawe aliyosamehewa. Apigwe kweli, afukuzwe, asirudi tena hapa. Siku mumeo akirudi, na marehemu anarudi. Na wa kwanza kutupa awe wewe."

"Mguu wake mbovu, bibi."

"Huruma ndiyo iliyomleta, mwanangu. Usimwongezee."

Asubuhi wenzake wa bandani wakaja, wamejiinamia. Jeho akasimama barabarani mbele ya mlango wake.

"Tupa, mama Tamit. Usinipunguzie."

Jiwe la Renpi likampata begani. Akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea maji. Ndipo wengine wakaanza. "Mkata watu! Mbwa! Potea!" Hori, yule aliyempa bia, alitukana huku analia, na mawe yake ndiyo yaliyopiga kwa nguvu kuliko yote. Jeho akakimbia akiburuta mguu, damu kichwani, akavuka mfereji, akapotelea kwenye mashamba ya ngano. Hakugeuka nyuma.

Ndani, Bi Shedet alimpaka mtoto asali tena. Tamit akalamba.

"Tamu. Nipe nyingine."

Mganga akacheka, akafunga kifurushi chake. Renpi, kwa furaha, akaifuta asali iliyobaki mdomoni mwa mtoto, akalamba kidole chake mwenyewe.

Ilikuwa chungu kama magadi.

Akameza. "Asante, bibi," akasema, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni.

Alipofika hapo katika kisa chake, hakuacha kufuma.

Bi Shedet alikwisha kufa. Hori naye amekufa. Jeho hakuonekana tena. Tamit yu hai, na ana watoto. Renpi pia yu hai, macho yake bado makali, na kila mjukuu anapozaliwa yeye ndiye anayetaka kumshika wa kwanza.