Hodi Isiyo na Jina

Harufu ya mabibo ilianza mwezi wa nne, na mwezi wa nne Mtwara nzima huwezi kuona bibo hata moja mtini. Mwanaisha aliinusa akiwa kwenye kompyuta ya pembeni, katika intaneti kafe ya Shahid pale Chuno, akadhani kuna mtu kaingia na uraka wake, ile pombe ya mabibo. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Aliporudisha macho kwenye skrini, akaona chini ya makala yake pameandikwa neno moja: Hodi.

Jina halikuwepo.

Tuseme kweli, makala ile hakuna aliyekuwa ameisoma. Mwanaisha alikuwa fundi cherehani, mwenye ulimi mtamu na moyo wa kijicho, na mwaka ule wa 2007 alikuwa amefungua blogu akaiita Barazani Chuno. Aliandika bei ya samaki, ngoma za unyago, na nani kaoa wapi. Aliyemfundisha ni shoga yake Raheli, karani wa shule, ambaye blogu yake ilikuwa na watu siku nyingi.

"Kuandika tu hakutoshi, shoga," Raheli alimwambia. "Pita kwa wenzako. Wasalimie, changia, wape pole wenye misiba. Ukienda kwa watu, watu watakuja kwako."

Mwanaisha akapita. Akatoa pole kwa watu wa Songea asiowajua, akapongeza harusi za Tanga, akabishana mpira na watu wa Mwanza. Kwake hakuja mtu. Raheli naye akiandika kwamba kuku wake katotoa, wanajitokeza mpaka watu wa Ulaya kumpongeza kuku. Wivu ukamkwama Mwanaisha kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo ile hodi ilimkuta na njaa. Bibi yake, Bi Rukia wa Kitaya, alimlea kwa sheria moja ya mlangoni: hodi isiyo na jina haijibiwi. Kwanza uliza "Nani?", na asiyejitaja mwache huko huko nje. Mwanaisha aliijua sheria hiyo tangu hajaota meno ya pili. Hata hivyo akaandika: "Karibu sana. Hapa ni kwako, keti upendapo."

Tangu hapo Mgeni, kama alivyomwita, hakukosa. Mwanaisha akiweka makala, maoni yamekwishafika. "Hakuna aandikaye kama wewe." Siku nyingine: "Leo khanga ya njano imekukaa." Mwanaisha akatazama dirishani, hakuona mtu, akacheka, akajitengeneza khanga. Mtu anayesifiwa haulizi maswali mengi.

Kisha sifa zikageuka.

"Umekwenda tena kwa watu wa Tanga. Mimi sikutoshi?"

Akaacha kwenda Tanga, akaacha na Songea. Harufu nayo ikaanza kumfuata nyumbani. Ilikaa kwenye vitambaa, wateja wakawa wanakunja pua. Akiwa jikoni mchana kweupe alisikia cherehani ikishona yenyewe chumbani, taka-taka-taka, na akiingia anaikuta imetulia, ila gurudumu likiwa la moto. Aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kurudi kwenye ule ukimya wa zamani, basi akanyamaza.

Jioni moja Mgeni akauliza: "Nani anakuudhi?"

Mwanaisha alikuwa ametoka kusoma kwa Raheli, ambako watu walikuwa wakigombea kusema asante. Akaandika jina la shoga yake. Halafu, kwa kuwa wivu haujui kukomea njiani, akaongeza: "Natamani naye siku moja anyamaze."

"Nimesikia," Mgeni akajibu. Papo hapo maneno ya wote wawili yakafutika.

Kesho yake vidole vya Raheli vilijikunja kama kucha za kuku vikakataa kukunjuka. Daktari hakuona ugonjwa. Baada ya siku chache Mwanaisha alimkuta kitandani analishwa uji na mama yake, akakaa ukingoni, hajui pa kuweka macho.

"Shoga," Raheli alimnong'oneza, "nikifumba macho kuna mtu anavibana vidole. Kila siku anapanda. Jana alifika kwenye viwiko. Ananuka mabibo."

Mwanaisha hakusubiri chai. Alikwenda moja kwa moja Kitaya kwa Bi Rukia, ambaye watu walimwendea kwa kombe la maandishi ya dua na ubani kutoka pande zote mbili za mto wa mpakani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta nini nyumbani kwangu? Unanuka."

Akasimulia yote. Bi Rukia akauliza:

"Hiyo blogu ina mlango?"

"Haina, bibi. Ni kama baraza."

"Akapiga hodi, ukamkaribisha hujamwuliza jina. Kisha ukamtuma kazi." Kikongwe akatikisa kichwa. "Ubani wangu unamtoa aliyevamia. Huyu ulimkaribisha mwenyewe. Mwenye nyumba ndiye atakayemuaga, mbele za watu, na atamke alichomtuma. Jini wa wivu anakaa na mtu aliye peke yake. Baraza likijaa, anashindwa."

"Watanicheka, bibi! Na Raheli atajua."

"Basi usiseme. Akimaliza mikono ataingia kifuani."

Siku ya pili Bi Rukia alikaa mlangoni pa kafe na chetezo chake, Shahid akilalamika kwamba moshi utaua mashine. Mwanaisha akapita kwanza kwa wote, Tanga, Songea, Mwanza, akiwaomba waje kwake. Kisha akaanza kuandika aliyoyafanya, na umeme ukakatika, feni zikasimama, kompyuta zote zikazimika isipokuwa ya kwake, na kwenye skrini ile maneno ya mtu mwingine yakawa yanajiandika katikati ya maneno yake, watakukimbia, mimi sijakukimbia, nani alikuja ulipokuwa peke yako, na harufu ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kitu chenye baridi kikashika vidole vyake kimoja kimoja kuvikunja, naye akaendelea kubonyeza kwa vile vilivyobaki, akalitaja jina la Raheli, akataja alichokitamani, akaandika, "Mgeni, nakuaga, hapa si kwako," na kwa kidole cha mwisho akatuma.

Umeme ukarudi. Kabla ya magharibi maoni yalikuwa yamejaa, kila mtu na jina lake, wengine wakimlaani, wengine wakimwombea. Na usiku huo Raheli alishika kikombe mwenyewe.

Raheli alichelewa kumsamehe, ila alimsamehe. Mabibo yalipoiva kwa msimu wake mashambani, akaja kupimwa gauni la Krismasi. Alipoinua mikono, akasema kwa sauti ya chini:

"Sikutaka kukwambia. Jana kaja kwangu. Kaandika hodi, hana jina. Sikumjibu, nimefuta."

Utepe ukasimama mkononi mwa Mwanaisha. Alijua alipaswa kuogopa. Alipaswa kusema alhamdulillahi, umefanya vizuri, shoga. Lakini ule mwiba wa zamani ulikuwa umekwisharudi kooni.

"Kwako?" akauliza. "Hakuniulizia mimi?"

Nyuma yake, cherehani ikaanza kushona.